Wajina kwenye historia: kadi zimechanganyikana, Mkwawa yupi ni yupi?

Karani wa Gangilonga

Wakuu, habari za jioni.

Naomba msaada kwa kazi ya klabu ya historia ya sekondari hapa Iringa mjini. Wanafunzi wanaandaa kadi 120 za watu mashuhuri zitakazokaa maktaba, na humo tutachagua za kubandika kwenye maonesho ya wajina, yaani watu waliobeba jina moja kwa nyakati au nchi tofauti. Kadi zimepangwa kwa jina la mwisho, na hapo ndipo tulipokwama.

Chini ya Mkwawa kuna kadi tatu. Mwanafunzi mmoja ameunganisha mbili akapata mtu aliyewapiga Wajerumani Lugalo kisha akawa Spika wa Bunge. Rais Samia yuko kwenye H ya Hassan, wakati kila mtu anamtafuta kwenye S. Karume wako wawili na majina yao ni yaleyale yaliyogeuzwa. Kuna Seif wawili, wote Makamu wa Rais Zanzibar, mwaka mmoja. Merere wako watano na hatujui kama ni watu watano kweli. Na Martin Luther wa Ujerumani amebandikiwa picha ya Martin Luther King.

Naomba kujua: kadi ipangwe kwa jina lipi, iandikwe nini ili wajina wasigongane, na kwa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini ni majina gani yanayochanganywa zaidi?

Mzee wa Kadi

Mwalimu, pole na kazi. Ugonjwa umeanzia kwenye kupanga kwa jina la mwisho. Utaratibu huo unafaa pale ambapo jina la mwisho ni la ukoo na linapita vizazi bila kubadilika. Majina yetu mengi hayako hivyo. La kwanza ni la mtu mwenyewe, la pili la baba, la tatu la babu au la ukoo. Ukishika la tatu bila kuuliza, unaweza kumpanga mtu kwa jina la babu yake.

Chukua Samia Suluhu Hassan. Samia ni yeye, Suluhu ni baba yake, na Hassan limetokea kwa huyo baba. Magazeti ya nje huandika "Rais Hassan", na msomaji wa Tanzania hubaki akijiuliza ni nani huyo. Sasa mweke pembeni ya Ali Hassan Mwinyi, Rais wa 1985 hadi 1995. Hapa Hassan liko katikati kwa sababu ni jina la baba, na lililoendelea ni Mwinyi, hadi kwa mwanawe Hussein Ali Mwinyi, Rais wa Zanzibar tangu 2020. Jina ni lilelile, ila halifanyi kazi moja kwa wote wawili.

Karume ndio mfano mzuri kuliko yote. Abeid Amani Karume ni Rais wa kwanza wa Zanzibar baada ya Mapinduzi, aliuawa 7 Aprili 1972. Mwanawe ni Amani Abeid Karume, Rais wa 2000 hadi 2010. Mtoto amepewa jina la babu yake, ndiyo maana la kwanza na la pili yamebadilishana nafasi. Ukiandika "A. A. Karume" umewapoteza wote wawili kwa mpigo. Kwenye kadi hizi vifupisho vya majina visiruhusiwe kabisa.

Kwa hiyo mtu wa kwetu apangwe kwa jina ambalo watu wanamwita: Samia, Karume, Mwinyi, Mkwawa. Majina yake mengine yapate kadi elekezi yenye mstari mmoja tu, mfano "Hassan, Samia Suluhu: tazama SAMIA". Kadi elekezi isiwe na maelezo mengine hata kidogo. Ukiacha nafasi, mwanafunzi ataijaza, na baada ya mwezi utakuwa na kadi mbili za mtu mmoja zenye miaka tofauti.

Vipimo: kadi ya sentimita 15 kwa 10 inatosha. Karatasi ya manila ya sentimita 84 kwa 59 inatoa kadi 25, yaani karatasi 5 zinakupa 125. Ongeza 2 kwa ajili ya kadi elekezi, maana hizo zitafika 40 kabla hujashtuka. Mstari wa kwanza ni jina la kupangia kwa herufi kubwa. Wa pili ni jina kamili. Wa tatu, mwana wa nani au ndugu wa nani. Wa nne, miaka. Wa tano, mahali. Kisha jambo moja tu alilofanya ambalo mjina wake hakulifanya. Hilo neno "moja" ni la muhimu, kwa sababu mwanafunzi akipewa nafasi ya mambo matano ataandika "alikuwa kiongozi shupavu", na sifa hiyo inamfaa kila mtu kwenye boksi. Nyuma ya kadi: kitabu, ukurasa, aliyeandika, tarehe.

Waandike kwa peni ya kawaida au penseli. Maka pen hupenya manila ikatokea upande wa pili, juu ya jina la kitabu.

Binti Kalenga

Shikamoo mzee. Mwalimu, mimi niingie kwenye Mkwawa, maana hapa makosa ni mengi na yanauma.

Jina lake kwa urefu ni Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga. Mkwawa ni ufupisho wa Mkwavinyika. Munyigumba ni baba yake, ambaye ndiye aliyeanza kuziunganisha himaya ndogo za Uhehe, na Mwamuyinga ni ukoo. Maana yake ni kwamba wakati wa uhai wake, Mkwawa lilikuwa jina la mtu. Limekuwa jina la ukoo baadaye, kwa watoto na wajukuu. Mwanawe ni Sapi Mkwawa. Mjukuu ni Adam Sapi Mkwawa, chifu wa Wahehe na Spika wa Bunge. Nadhani kadi yenu ya tatu ni ya Sapi, yule wa katikati, ambaye wanafunzi humruka kwa sababu hajatajwa sana vitabuni. Akirukwa yeye, babu na mjukuu wanagusana, na ndipo anapozaliwa mtu wa Lugalo aliyekuwa Spika.

Tarehe za kuwatenganisha ni hizi. Babu: alikishinda kikosi cha Emil von Zelewski pale Lugalo 17 Agosti 1891, ngome ya Kalenga ilianguka 30 Oktoba 1894, alikufa 19 Julai 1898. Mjukuu: Spika kuanzia 1962 hadi 1973, kisha tena 1975 hadi 1994. Kadi ikisema "Spika 1962–1994" ina kosa, kwa sababu 1973 hadi 1975 kiti kilikuwa cha Erasto Mang'enya.

Mwangalieni pia Mpangile, ndugu yake Mkwawa. Wajerumani walimpa uchifu mwishoni mwa 1896, na mwanzoni mwa 1897 wakamnyonga. Kitabu kikiandika "chifu wa Wahehe aliyenyongwa na Wajerumani" bila kutaja jina, mwanafunzi anaandika Mkwawa. Mkwawa hakunyongwa. Alijipiga risasi ili asikamatwe, na hicho ndicho kitu ambacho Wahehe hawakubali kipotoshwe.

Kadi elekezi kwake ziwe angalau mbili. Mkwavinyika, tazama MKWAWA. Quawa, tazama MKWAWA, kwa sababu Wajerumani waliandika hivyo, na mwanafunzi akikutana na Quawa atadhani ni mtu mwingine. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919, kilichodai fuvu lirudishwe, kinamwita Sultani Mkwawa. Fuvu lilirudi 1954. "Sultani" hapo si wa Zanzibar, msije mkampeleka kwenye fungu hilo.

Na mahali pia pana wajina. Lugalo ya vita iko huku Iringa. Kambi na hospitali ya jeshi ya Lugalo, Dar es Salaam, zimepewa jina kwa heshima ya vita hivyo. Mwanafunzi asiyefika Lugalo yetu huandika kwamba Wajerumani walipigwa Dar es Salaam. Mstari wa mahali uandikwe "Lugalo, Iringa", usiishie "Lugalo".

Msangu wa Mbarali

Dada ameeleza vizuri. Merere ni tofauti. Mkwawa lilianza kwa mtu likawa ukoo. Merere ni jina la kiti: watawala wa Usangu wameliachiana mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo kitabu kikisema "Merere" bila mwaka, kimekutajia kiti tu, hakijakutajia aliyekikalia. Ni kama kuandika "Spika" halafu ukaacha hapo.

Kadi zenu tano zisikae kwa idadi ya vitabu mlivyosoma. Zipangeni kwa mwaka. Elton, balozi mdogo wa Uingereza aliyekuwa Msumbiji, alifika kwa Merere 1877 akakuta vita na Wahehe. Andika "Merere, alikuwepo 1877". Miaka ya 1890 kuna Merere anayekaa Usafwa kwa sababu Wahehe walikuwa wamewasukuma Wasangu kutoka kwao, kisha Wasangu wanarudishwa Usangu nguvu za Mkwawa zilipovunjwa. Hiyo iwe kadi nyingine, "Merere, alikuwepo miaka ya 1890". Usiwaunganishe na usiwatenganishe kwa kukisia. Na namba I, II, III ziandikwe pale tu ambapo chanzo kimeziandika, pamoja na jina binafsi la mtawala kama lipo. Namba iliyobuniwa na mwanafunzi ni mbaya kuliko nafasi tupu, kwa sababu ina sura ya uhakika.

Kingine kinachowachanganya ni Utengule. Ziko mbili. Utengule Usangu iko huku Mbarali. Utengule Usongwe iko upande wa Mbalizi, karibu na Mbeya mjini, na ndiko Merere alikokaa alipokuwa Usafwa. Wamisionari wa Moravian walipofungua kituo Utengule 1895, ni hiyo ya Usongwe. Jina la boma limehama pamoja na watu wake. Ukisoma "Merere wa Utengule" angalia mwaka kwanza, ndipo useme ni Utengule ipi.

Karani wa Gangilonga

Asanteni sana. Kadi mbili za Merere hazina mwaka wowote, chanzo kinasema "zamani za vita". Nizitupe?

Mzee wa Kadi

Usitupe. Weka kwenye bahasha iliyoandikwa MERERE, BADO, nyuma ya kadi zenye miaka. Zisiingie kwenye maonesho.

Lizombe

Wadau, msitusahau wa Songea.

Songea lenyewe ni jina la mtu: Songea Mbano, nduna (kiongozi aliye chini ya mfalme) wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani 1906 wakati wa Majimaji. Mji umechukua jina lake. Kwenye kadi andika SONGEA MBANO yote mawili, la sivyo sentensi "Songea ilipinga" na "Songea alipinga" zitachanganywa. Hiyo irabu moja ndiyo inayosema ni mji au ni mtu, na mwanafunzi anayenakili haraka huikosa. Halafu Songea alikuwa nduna, hakuwa nkosi, yaani mfalme. Nkosi wa Njelu, ufalme mmojawapo wa Wangoni, wakati ule ni Mputa Gama, naye alinyongwa 1906. Wa Mshope, ufalme mwingine wa Wangoni, ni Chabruma, ambaye vitabu vingine vinamwandika Shabruma. Kadi elekezi ihusike.

Kwa Mputa ndipo penye mjina halisi. Kabla ya Gama kuna Mputa wa ukoo wa Maseko, aliyewaongoza Wangoni wa Maseko walipokaa upande wa Songea katika karne ya 19, kabla watu wake hawajarudi kusini hadi Malawi ya leo. Wote Wangoni, wote wakuu, wote ardhi ileile. Kinachowatenganisha ni ukoo na nusu karne. Andika MPUTA MASEKO na MPUTA GAMA, na kwenye jambo moja: wa kwanza watu wake wako Malawi, wa pili alinyongwa kwenye Majimaji.

Na Zulu Gama. Huyu ni mtu, kiongozi wa Wangoni wa Njelu wa kizazi cha kabla. Kwenye faharasa ya kitabu "Zulu" inaweza kuwa yeye au Wazulu wa Afrika Kusini. Fungueni ukurasa wenyewe, msiandike kutoka kwenye faharasa.

Mwambao hadi Nyanda

Seif wawili: Novemba 2010 Zanzibar iliunda Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Seif Sharif Hamad wa CUF akawa Makamu wa Kwanza wa Rais, na Seif Ali Iddi wa CCM akawa Makamu wa Pili. Wajina, serikali moja, wakati mmoja. Kwa hiyo mwaka hautawasaidia hapa, wala mahali, wala cheo kikiandikwa nusu. Neno "Kwanza" na "Pili" ndilo linalobeba kadi nzima, likifuatiwa na chama. Watu wenyewe walishatatua jambo hili kwa kumwita mmoja Maalim Seif na mwingine Balozi Seif. Ingizeni hayo kwenye mstari wa pili.

Kama mnataka fungu litakalofundisha zaidi, wekeni masultani wa Zanzibar. Khalifa wawili: Khalifa bin Said, 1888 hadi 1890, na Khalifa bin Haroub, 1911 hadi 1960. Ali wawili: Ali bin Said, 1890 hadi 1893, na Ali bin Hamoud, 1902 hadi 1911. Jina la baba baada ya "bin" linamaliza ubishi papo hapo. Lakini lisitumike peke yake, kwa sababu "bin Said" ni wanne: Majid, Barghash, Khalifa na Ali, wote watoto wa Said bin Sultan, wote walitawala.

Hatari kubwa ni Hamad na Hamoud. Hamad bin Thuwaini alifariki 25 Agosti 1896. Khalid bin Barghash akaingia kwenye jumba la kifalme, Waingereza wakalipiga mabomu tarehe 27, na Hamoud bin Mohammed akawekwa kuwa sultani. Siku tatu, watu watatu, na wawili kati yao wanatofautiana kwa irabu tu. Kibaya zaidi, vitabu vingine vinaandika Hamud, herufi tano kama Hamad. Chagueni tahajia moja ya kupangia, nyingine ziwe elekezi.

Mwana Rungwe

Mwalimu, wa nje wasikupe shida, ila wana mitego yao.

Martin Luther, 1483 hadi 1546, ni mtawa wa Ujerumani ambaye Walutheri wa Iringa, Njombe na Makete wanabeba jina lake. Martin Luther King Jr., 1929 hadi 1968, ni mchungaji wa Marekani, Mbaptisti. Jina lake la ukoo ni King, kwa hiyo apangwe kwenye K. "Luther King" si jina la ukoo. Na ujina wao haukuja kwa bahati: alizaliwa akiitwa Michael, kama baba yake. Baba alisafiri hadi Ujerumani 1934, na baada ya hapo majina yote mawili, la baba na la mwana, yakageuzwa kuwa Martin Luther. Hili liandikwe kwenye maonesho, maana linaonyesha jina likivuka miaka 400 kwa makusudi. "Jr." isiachwe, baba naye alikuwa mtu maarufu.

Winston Churchill wako wawili na waliishi wakati mmoja. Mmarekani, mwandishi wa riwaya, 1871 hadi 1947. Mwingereza aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, 1874 hadi 1965. Mwaka 1899 Mwingereza alimwandikia mwenzake, wakakubaliana kwamba yeye atatia saini vitabu vyake Winston Spencer Churchill. Yaani hata wao walifanya kazi hiihii mnayoifanya, na wakati huo Mmarekani ndiye aliyekuwa anajulikana zaidi kwa vitabu. Alexandre Dumas, baba (1802 hadi 1870) na mwana (1824 hadi 1895), wote waandishi wa Ufaransa: andika "baba" na "mwana" mbele ya jina. Francis Bacon mwanafalsafa alifariki 1626, mchoraji alizaliwa 1909. Miaka inatosha.

Kwa Mbeya ningeongeza Edward. Mawaziri wakuu wawili, wote kutoka Monduli: Edward Moringe Sokoine, 1977 hadi 1980 na 1983 hadi alipofariki 12 Aprili 1984, na Edward Ngoyai Lowassa, 2005 hadi 2008. Uwanja wa Sokoine hapa Mbeya umebeba jina la wa kwanza. Kadi yake iseme "vipindi viwili", kwa sababu mwenzake alikuwa na kimoja.

Kuna pia tatizo la kinyume, mtu mmoja mwenye majina mawili. Ukisoma juu ya Wanyakyusa utakutana na Wilson. Ni watu wawili, Godfrey na mkewe Monica, wote watafiti waliofanya kazi Rungwe miaka ya 1930. Godfrey alifariki 1944, kwa hiyo "Wilson" wa vitabu vya baadaye kuhusu Wanyakyusa ni Monica. Kabla ya hapo yeye aliandika kwa jina la Monica Hunter. Bila kadi elekezi HUNTER, tazama WILSON, mtakuwa na wanawake wawili.

Na droo ya M itajaa. Mwakyusa, Mwandosya, Mwakyembe, Mwansasu: majina ya huku mengi yanaanza na Mwa-. Wekeni kigawanyo baada ya kila kadi 15 ndani ya M, na mpange kwa herufi zinazofuata Mwa-, si kwa M peke yake.

Karani wa Gangilonga

Wakuu, nimesoma yote na kadi zimeanza kukatwa upya. Swali la mwisho: nitajuaje kadi imekamilika kabla sijaibandika ukutani?

Mzee wa Kadi

Funika mstari wa kwanza na wa pili kwa kipande cha karatasi. Mpe mwanafunzi ambaye hakuiandika, umtajie wajina wote wa fungu hilo, aseme ni yupi. Akisita, kadi irudi. Anzeni na zile zinazokaribiana sana.

Karani wa Gangilonga

Tumejaribu leo mchana kwa kadi 14. Kumi na moja zimepita. Zilizorudi ni Mputa Gama, iliyokuwa imeandikwa "mkuu wa Wangoni" tu, halafu Hamad na Hamoud, zote mbili zikiwa na "sultani, 1896". Sasa ya Hamad inasema "bin Thuwaini, alitawala 1893 hadi alipofariki 25 Agosti 1896", na ya Hamoud inasema "bin Mohammed, alitawala kuanzia 27 Agosti 1896 hadi 1902, baba yake Ali". Mputa anasubiri mwanafunzi atafute ukurasa.